Nguo ya Unga na Viatu vya Jumapili

Dayton, Ohio
4 Septemba 1973

Verdie, shoga yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu na Krismasi bado iko mbali. Hajafa mtu.

Kuna bwana mmoja amenipigia simu kutoka Nashville, anaitwa Gaylon Pruitt, wa televisheni. Amekuta majina yetu kwenye tangazo la zamani, lile la onyesho la shule ya Harlow, mimi na wewe tumesimama tumebeba gita utadhani tumebeba watoto wa watu. Mwezi wa kumi na moja wana kipindi cha nyimbo za milimani, kinakwenda hewani moja kwa moja nchi nzima. Wanatutaka sote wawili, tuimbe "Sifungui Geti".

Najua utaanza kukunja uso. Nisikilize kwanza. Miaka minne tuliimba redioni kila siku saa sita mchana, na hakuna aliyeturekodi hata mara moja. Tuliimba, sauti ikaenda zake. Wajukuu wangu wanadhani nawatungia hadithi. Juzi yule mdogo kaniuliza kama nilikuwa naimba kweli au nilikuwa nafunga tu vipuri vya friji kiwandani kama bibi wa kila mtu hapa mtaani. Nataka wanisikie, Verdie, na nataka wanisikie nikiwa na wewe, maana sauti yangu peke yake ni ya juu mno, inatafuta pa kukaa.

Kubali. Koo langu lina ukwaruzo kidogo, ni moshi wa huku tu, usilijali.

Wako,
Oleta

*

Lick Branch, Kentucky
10 Septemba 1973

Oleta mpenzi,

Barua yako haikuniletea habari mpya. Huyo Pruitt alishanipigia, na kabla sijaweka simu chini Almeda Coots alikuwa mlangoni kwangu anauliza nitavaa nini. Hii laini yetu ya simu bado ni ile ile, tunachangia nyumba nane, ikilia kwangu wote wanainua kusikiliza. Kampuni inataka kutupa laini za binafsi. Almeda anasema wakimtenga na mambo ya watu atakufa kwa upweke.

Basi nikakaa barazani nikakumbuka. Chumba cha redio juu ya duka la misumari, jinsi tulivyopanda ngazi na gita, na yule mtangazaji akitusomea tangazo la unga wa Kengele Nyeupe kama anasoma Zaburi. Unakumbuka ile mifuko ya unga? Kitambaa safi cha pamba, kimechapwa maua, ndege, majani. Gauni moja lilitaka mifuko mitatu ya ua moja, na mama alikuwa anamtuma baba dukani na kipande cha kitambaa mfukoni ili asikosee. Baba, mwanamume wa mgodini, mabega kama mlango, akimwambia muuza duka ashushe rundo zima kwa sababu ua analolitaka liko chini kabisa. Na wale wanawake walivyotuandikia kutuuliza Jumamosi tutavaa ua gani, ili waje nalo! Ukumbi mzima wa shule ya Harlow maua ya samawati, wanaume wamekaa katikati yao hawajui wapeleke macho wapi. Nje gari za Ford zimejaa matope, ndani pai za tufaha zinapigwa mnada.

Anayeniambia siku zile zilikuwa dhiki tupu, namwambia akalale. Dhiki ilikuwepo. Lakini gauni la mama yangu lilikuwa limepigwa pasi.

Nitakwenda. Ila hujasahau kwa nini tuliacha redio. Bwana Tackett, mwenye kituo, alitaka tupake meno masizi na kutembea pekupeku jukwaani ili watu wa mjini wacheke, tukamwachia kipaza sauti chake akiimbie mwenyewe. Nikikuta masizi Nashville, narudi na basi lile lile.

Verdie

*

Nashville, Tennessee
24 Septemba 1973

Kwa Bibi Verdie Stiltner,

Tumefurahi sana kupata kibali chako. Kipindi kitakuwa Jumamosi tarehe 17 Novemba, na nauli na chumba cha hoteli ni juu yetu.

Kuhusu mavazi, msihangaike. Idara yetu imeshona nguo mbili halisi za mifuko ya unga, zenye viraka, na maandishi ya kiwanda makubwa kifuani ili mtazamaji aelewe mara moja. Viatu havitahitajika. Fundi wa vipodozi atapaka jino moja jeusi kwa kila mmoja wenu, rangi inafutika kwa kitambaa chenye maji. Mtakaa juu ya marobota ya majani makavu, na pembeni kutakuwa na mbuzi aliyefundishwa kutulia.

Haya yote ni utani wa upendo, na watazamaji wetu wanaupenda sana. Nguo yako nimeituma kwa posta leo, na ya Bibi Oleta Ramsey imetangulia Dayton.

Kwa heshima,
Gaylon Pruitt
Msaidizi wa Mtayarishaji

*

Lick Branch, Kentucky
29 Septemba 1973

Bwana Pruitt,

Kwanza, Pruitt ni jina la huku kwetu. Watu wako ni akina nani?

Pili, nguo yako imefika. Nimeitandaza kitandani nikaiangalia mpaka chai ikapoa. Sasa nikueleze jambo ambalo mtoto yeyote wa bonde hili angekueleza bure. Hakuna mwanamke aliyevaa maandishi ya kiwanda kifuani. Mfuko ukiisha unga, kazi ya kwanza ilikuwa kuyatoa yale maandishi. Ulilaza nguo usiku na mafuta ya nguruwe, asubuhi ukaifua kwa sabuni ya magadi, ukaichemsha, ukarudia. Aliyeonekana kanisani na herufi hata moja mgongoni alisemwa mpaka mavuno. Mama yangu alifua mpaka ngozi ya vidole ikamtoka, ili mimi niende shule na maua matupu. Na wewe umemlipa fundi ayachape upya, makubwa, juu ya matiti yangu.

Viraka vyenyewe vimeshonwa juu ya kitambaa kizima. Chini yake hakuna tundu. Nimechungulia.

Tatu, meno yangu ni ya bandia, mapya, ya daktari wa Pikeville, na hayapakwi kitu. Nne, viatu. Baba yangu aliingia chini ya mlima miaka ishirini na sita ili mimi nivae viatu. Mbuzi akae pekupeku.

Jibu langu ni hapana. Nilisema hapana nikiwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa naipenda redio kuliko mume niliyekuja kumpata. Sasa nina arobaini na saba, na hapana yangu imekomaa. Nguo yako nitairudisha nikipata nafasi ya kwenda posta.

Verdie Stiltner

*

Dayton, Ohio
6 Oktoba 1973

Verdie,

Pruitt kanisomea barua yako yote kwenye simu. Nilicheka pale kwenye mbuzi. Halafu nikaweka simu nikalia, na sasa lazima nikwambie, maana nilikuwa nimekuficha.

Siyo moshi. Kuna uvimbe kwenye koromeo, na daktari anasema wataliondoa lote. Nitaishi, anasema, nitakula, nitatembea, nitapika maharage yangu. Ila sauti haitabaki, hata ya kumwita paka. Alitaka kunipasua Septemba. Nikamwomba anisubiri mpaka mwisho wa Novemba, akanikasirikia, mwanangu Joretta naye akanikasirikia, nikawaambia wote wawili kwamba koo ni langu.

Ndiyo maana nilikuandikia. Wewe una haki, Verdie, kila neno ulilomwandikia yule kijana ni la haki, na mwaka hamsini na mbili ulikuwa na haki vilevile, nilitoka pale mlangoni pamoja nawe na sijawahi kujuta. Lakini safari hii sina mwaka mwingine wa kungoja. Niko tayari kukaa juu ya majani. Wanipake hata meno yote. Nataka mara moja tu sauti yangu ikae mahali inapoweza kusikika tena, juu ya yako.

Usinijibu kwa huruma. Ukinionea huruma nitachoma barua.

Oleta

*

Lick Branch, Kentucky
11 Oktoba 1973

Oleta,

Huruma sina. Nimelia mpaka mbwa akaomba kutoka nje, nimemaliza, sasa tufanye kazi.

Tunakwenda. Fanya hivi. Nguo waliyokutumia usiiguse, ifunge kama ilivyo, nitumie huku. Viatu vyako vya Jumapili, vile vyeusi vyenye kifungo, uvitie ndani ya mkoba wako na usimwambie mtu. Koo lilinde. Usimpigie Joretta kelele, usiimbe kanisani, usibishane na daktari tena, mbishi wa kutosha niko hapa.

Na ubeti wa tatu tutauimba polepole kama zamani. Unajua wapi.

Verdie

*

Lick Branch, Kentucky
11 Oktoba 1973

Bwana Pruitt mpendwa,

Nimefikiri tena. Barua yangu ya mwezi uliopita ilikuwa kali, na mtu wa umri wangu anapaswa kuwa na adabu. Mimi na Bibi Ramsey tutakuja tarehe hiyo, na tutavaa nguo zile zile mlizotushonea, siyo nyingine. Naona tumekwisha kuelewana.

Hukunijibu watu wako ni akina nani.

Wako mtiifu,
Verdie Stiltner

*

Nashville, Tennessee
20 Novemba 1973

Kwa Bibi Verdie Stiltner,

Naandika kwa maagizo ya mtayarishaji wetu, ambaye hadi leo hajatulia.

Barua yako ya tarehe 11 Oktoba, ambayo ninayo mbele yangu, ilisema mtavaa nguo tulizowashonea. Idara ya mavazi inathibitisha kwamba zile nguo ndizo zilizoingia jukwaani. Hata hivyo, zilikuwa hazina maandishi. Hazikuwa na viraka. Zilikuwa zimebanwa kiunoni, zimetiwa kola nyeupe, na zimepigwa pasi kiasi kwamba fundi wa taa alilazimika kupunguza mwanga. Mpaka dakika ya mwisho mlikuwa mmejifunika makoti marefu, mkidai kuna baridi. Fundi wa vipodozi anasema alipokukaribia na rangi ya meno ulimwambia utamng'ata na utayaacha meno hapo hapo mkononi mwake. Na nyote wawili mlikuwa na viatu.

Mtayarishaji anasema kwamba kama kisingekuwa kipindi cha moja kwa moja, msingeonekana. Anasikitishwa zaidi na jibu ulilompa mwenyeji wa kipindi. Yeye alikuuliza kwa mzaha, "Bibi, na hivyo viatu mmeviazima kwa nani?" Nawe, mbele ya nchi nzima, ukamjibu, "Kwa mama yako. Kanituma nikwambie hujamwandikia tangu Pasaka." Ukumbi ulicheka mpaka mwenyeji akasahau jina la wimbo, ikabidi Bibi Ramsey alitaje mwenyewe.

Ninaagizwa kuwajulisha kwamba kituo hakitawaalika tena.

Hapo maagizo yameisha. Yanayofuata ni yangu.

Uliniuliza mara mbili. Mimi ni mtoto wa Hester Pruitt wa bonde la Sorrel, ng'ambo ya mlima wenu, na sijamwambia mtu yeyote katika jengo hili. Nilipofika hapa walinicheka namna ninavyosema, nikajifunza kusema kama wao, halafu nikawa hodari wa kuchekesha watu kwa mambo ya nyumbani kuliko wao wenyewe. Wazo la maandishi kifuani lilikuwa langu.

Mama alinipigia simu dakika ile kipindi kilipoisha. Alikuwa analia. Hakusema lolote kuhusu kazi yangu. Aliuliza tu ni nani kati yenu aliyeyatoa maandishi, maana wino wa siku hizi, anasema, hautoki kwa mafuta ya nguruwe peke yake. Nikamwambia sijui. Akasema nikuulize.

Ndani ya bahasha hii kuna mkanda wa sauti wa wimbo wenu. Mwingine nimeutuma Dayton. Hakuna aliyeniruhusu.

Gaylon Pruitt

*

Lick Branch, Kentucky
26 Novemba 1973

Gaylon mwanangu,

Mwambie mama yako niliongeza mafuta ya taa kidogo, nikaanika kwenye baridi usiku mbili, na Almeda Coots akasugua kwenye ubao wa kufulia mpaka ukaisha meno. Atanielewa.

Hester namjua. Alikuja Harlow mwaka wa hamsini, amevaa maua ya samawati, amekaa safu ya mbele. Alikuwa na mimba kubwa. Hesabu mwenyewe nani alikuwa humo ndani.

Sorrel ni mwendo wa siku moja kwa basi kutoka huko uliko. Na yale ya kumwandikia mama sikumtania mwenyeji wenu, yule mwenye kofia ya majani, peke yake.

Verdie Stiltner

*

Dayton, Ohio
30 Desemba 1973

Verdie,

Nimerudi nyumbani tangu juzi. Shingo yangu ina tundu na kitambaa, na hospitali wamenipa ubao mdogo na chaki kama mtoto wa darasa la kwanza. Neno la kwanza nililomwandikia daktari siwezi kulirudia hapa, wewe ni mtu wa kanisa. Alicheka. Joretta akaufuta haraka.

Mkanda tunaucheza kila siku. Wajukuu wameshika maneno yote, wanaimba "geti limeshika kutu, ufunguo uko kisimani" wakiosha vyombo. Yule mdogo ndiye aliyeniuma moyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni ipi sauti yangu. Nikanyoosha kidole juu, darini. Akatazama darini, akasema ndiyo, nimeisikia.

Pale kwenye ubeti wa tatu, ulipopunguza mwendo ukaniachia nipande, nilijua unaniachia kwa makusudi, na nilipanda, Verdie, nilipanda mpaka mwisho na haikukwaruza. Wakati ule sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na gauni la kola nyeupe na viatu vyenye kifungo, na yule mbuzi wao alikuwa ananitazama mimi tu.

Sijutii kumngojesha daktari. Joretta anataka niseme najuta. Nimemwandikia HAPANA kwa herufi kubwa, nimeuacha ubao juu ya friji.

Lakini saa sita mchana ikifika, mdomo unafunguka wenyewe. Hilo sikulitarajia. Mkanda ni mzuri, ila mkanda haukungoji, haujui kama upo. Basi, nimesema. Tuandikiane tu, na usinipigie simu tena. Upande huu hakuna wa kusema kitu, na sitaki kukusikia ukiita "Oleta, Oleta" kwenye waya mtupu.

Oleta

*

Lick Branch, Kentucky
6 Januari 1974

Oleta,

Nimesoma barua yako kwa sauti. Nilikuwa namsomea Almeda, ambaye alikuja kuazima sukari na hakuwa na kikombe. Tukakubaliana kwamba umekosea jambo moja, hilo la simu.

Jumapili ijayo, saa tisa alasiri, simu yako italia. Utainua. Usiseme kitu, hakuna anayekudai maneno. Gonga mara moja kwa ukucha kwenye simu nijue uko hapo, kisha uvute kiti.

Mimi nitashika gita, na Almeda atanishikia simu mdomoni. Halafu utasikia mibofyo, mmoja baada ya mwingine, kama siku zote. Hao ni majirani wa laini wakiinua. Miaka yote wamesikiliza mambo yangu bila kulipa, sasa nimewapa kazi. Tumefanya mazoezi kanisani kila jioni tangu barua yako ifike. Wataimba sauti yako. Hawaiwezi, nakuambia mapema, hakuna hata mmoja anayefika pale ulipokuwa unafika. Mke wa Coburn anafika karibu, akifumba macho. Mzee Estil anaimba kama mlango wenye kutu, lakini amekataa kuachwa.

Unajua pia jinsi laini hii ilivyo, kila mtu akiinua simu, sauti inazidi kufifia kwa yule wa mbali. Nimewaambia basi waimbe kwa nguvu. Kampuni ya simu imeshatuma karatasi kwamba laini ni ya mazungumzo ya watu wawili, na wanaoingilia watakatiwa. Waje. Watatukuta tumevaa maua, tumepiga pasi, na viatu miguuni, ingawa hakuna atakayetuona.

Ubeti wa tatu nitapunguza mwendo pale pale. Tukikosea, gonga, tutarudi mwanzo. Usipogonga, tunaendelea.

Verdie